Tembe Tulizogawana kwa Kisu cha Ngozi

Mchungaji alisema ni ajali. Alisimama sebuleni kwa Jerida, huko Komarock, ukuta wa jikoni ukiwa bado mweusi nyuma yake, akasema mtungi wa gesi ulivuja, dada yetu akawasha kiberiti apike chai ya asubuhi, hakuna aliyejua, ni mapenzi ya Mungu. Watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, kikombe cha chai mkononi, nikiogopa kwamba nikifungua mdomo nitatoa maneno yatakayoniaibisha mbele ya wageni. Ajali gani? Gesi ya kupikia imetiwa harufu mbaya makusudi, ili hata mtoto akiisikia akimbie. Mtu yeyote mwenye pua angesimama mlangoni mwa jiko lile na kurudi nyuma. Jerida alikuwa na pua usoni kama wewe na mimi, lakini ilikuwa ya mapambo tu. Haikusikia moshi, haikusikia maziwa yaliyoganda, haikusikia gesi. Na mimi najua ilikufa mwaka gani na mbele ya nani, kwa sababu nilikuwepo.

Nitaanzia Maringo, mwaka wa tisini na sita. Mambo ya kwetu magharibi, nani alimzaa nani na kwa nini tulikuja Nairobi, hayo yaacheni, mmeshayasikia kwa wengine. Tulikuwa wasichana wawili, mimi Fanisi na yeye Jerida, tuliojuana kanisani. Tulipanga chumba kimoja cha uani kwa Mama Rasoa, mjane ambaye marehemu mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, stovu ya mafuta taa, beseni la kuogea lililosimamishwa ukutani, na dirisha lililotazama mfereji wa maji wa watu wote, kwa hivyo habari za Maringo nzima zilituingilia ndani hata tukiwa tumelala. Na katika chumba hicho kila kitu kilikatwa nusu. Sisemi kwa mafumbo, tulikikata kwelikweli. Mkate tuliukata katikati. Yai la kuchemsha tulilikata kwa uzi, ili kiini kisimkimbie mmoja. Nyama ikipatikana, mmoja alikata na mwingine ndiye aliyechagua, na ole wako ukate ovyo. Dawa pia. Mmoja akiumwa kichwa, tembe iligawanywa, kwa sababu huyo mwingine hakukosa mahali panapomuuma. Usituone wajinga, mtaa mzima ulikuwa hivyo. Ukitoka zahanati na dawa za koo, jirani anakuja na mtoto anayekohoa, unamtolea chache, na yeye kesho atakutolea zake. Mtu aliyemeza dawa zake zote peke yake kwetu alionekana mchoyo.

Kazi yetu ilikuwa Kariokor, kwenye kibanda cha viatu vya ngozi na mikoba. Jerida alinyoa ngozi na kuipiga msasa, mimi nilipaka gundi kwenye soli. Tulikaa bega kwa bega, yeye akinirushia vumbi, mimi nikimrushia mvuke wa gundi, na mwenye kibanda akisema dirisha lisifunguliwe kwa sababu vumbi la nje litaharibu rangi. Vumbi la nje! Tulianza na mafua yasiyoisha. Kisha pua zikaziba kabisa, tukawa tunalala midomo wazi kama samaki, na asubuhi ndimi zimekauka. Ugali ukawa kama udongo, sukuma ikawa kama karatasi. Mimi nilikuwa nakula kwa kukumbuka ladha. Kwa Jerida ilikuwa mbaya zaidi, maana alikuwa na pumu tangu utotoni, na pua ikiziba kifua kinabeba kazi yote. Alikuwa mwimbaji, sauti yake ndiyo iliyoanzisha nyimbo kanisani kwetu, na mwaka ule akaanza kukaa kiti cha nyuma. Alisema anapisha wengine. Nilimjua, hakuwa mtu wa kupisha.

Ndipo tukasikia habari za Daktari wa Tivii. Jina lake halisi silitaji, wala hospitali siitaji. Sisi wa Kariokor tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa na mrija mwembamba wa chuma, wenye taa na kamera, aliouingiza puani, na sehemu za ndani za pua yako zikaonekana kwenye tivii ndogo juu ya meza. Alikuwa kijana bado, mrefu, amesoma ng'ambo akarudi na mashine. Alimwingiza Jerida ule mrija, nami nikaangalia. Ndani ya pua ya rafiki yangu mlikuwa na vinyama vimebanana, vyeupe vyeupe, kama maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha, na yangu alipoiangalia ilikuwa hivyo hivyo. "Hivi vinyama lazima vitoke," Daktari akasema. "Na sitakupasua usoni. Nitapitia humu humu puani." Akaelekeza kidole kwenye tivii. "Lakini angalia. Hapa ni jirani na jicho. Hapa juu ni ubongo. Damu ikijaa, tivii yote inakuwa nyekundu, sioni kitu. Nikikata bila kuona, naweza kukutoa jicho. Kwa hivyo damu iwe kidogo, nipate kuona. Umenielewa?"

Tulimwelewa vizuri sana. Mpaka leo naweza kuwaelezea, kwa sababu alitueleza kwa Kiswahili kizuri na kwa mikono yote miwili. Alipofika kwenye habari ya dawa, akahamia Kiingereza. Alizungumza kirefu, akamtazama sista, akatazama dari, na Kiingereza chetu cha darasa la nane kikashika neno moja hapa na jingine pale. Alipomaliza, sista akayafupisha yote. "Kuna tembe nyeupe na kuna za pinki. Wengine watapewa hizi, wengine zile. Madaktari wanalinganisha, waone zipi zinazuia damu vizuri zaidi. Mkikubali kuingia, upasuaji ni bure. Mnaanza kumeza kabla ya siku ya kupasuliwa, asubuhi na jioni, msisahau." Jerida akauliza, "Sasa zipi ndizo nzuri?" Sista akacheka. "Tungejua, tungelinganisha nini?"

Kabla ya kutupa dawa, Daktari akamwuliza Jerida swali moja, na swali hilo nalitembeza kichwani tangu siku ile. "Una pumu?" Jerida akasema ndiyo, tangu mtoto. Daktari akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu, akamwambia sista jambo kwa Kiingereza. Jerida akapewa nyeupe. Mimi nikapewa za pinki. Hakuna aliyesema kwa nini. Yeye aliuliza, akajibiwa, akalifanyia kazi jibu lile kama daktari mwenye akili, kisha akanyamaza. Angeongeza sentensi moja tu. Hizi za pinki, mama, usiziguse, zitakufunga kifua. Ni maneno ya kusema ukiwa unafungua mlango. Hata mtu anayekuuzia sumu ya panya husema usiiweke karibu na unga.

Tukarudi Maringo tukiwa na furaha kama watu waliotoka harusini. Jerida akapika omena, hata kama hakuna kati yetu aliyeweza kuisikia harufu, na baada ya kula akamwaga tembe zake kitandani, nami zangu kando. "Ona zako zilivyo maridadi," akasema. "Zangu kama chaki."

"Labda za chaki ndizo kali."

"Na kama za pinki ndizo zenyewe?"

"Hawajui. Si umesikia sista?"

Akanikazia macho. "Kwa hivyo mmoja wetu atapata dawa nzuri, na mwingine atapasuliwa damu ikimwagika, atolewe jicho. Ndivyo?"

"Ndivyo ilivyo."

"Wee! Si katika nyumba hii," akasema Jerida, akachomoa kile kisu chake cha kunyolea ngozi kutoka mfukoni mwa aproni. Akakifuta kwenye kanga, akaweka kipande cha soli juu ya beseni, akaanza kukata. Nyeupe nusu, pinki nusu. Alikata vizuri, mkono wake ulikuwa na miaka katika kazi hiyo, hata unga haukubaki. Mimi nikachagua, kwa kuwa yeye ndiye aliyekata. Mama Rasoa akachungulia mlangoni akaona ile shughuli, akasema, "Na mimi mnikumbuke, mgongo unaniua," tukavunjika mbavu. Nakumbuka kicheko hicho kuliko ninavyokumbuka siku ya harusi yangu.

Nimewahi kusimulia jambo hili kwa watu waliosoma, na hapa ndipo huanza kunitazama kwa huruma ile ya kumpangusa mtoto makamasi. Wanasema, "Lakini Mama Fanisi, kila mtu anajua huwezi kumeza dawa ya mwenzako." Nani kila mtu? Kila mtu wa wapi? Kila mtu niliyemjua mimi alikuwa akigawana. Walituambia kuna dawa mbili, hawajui ipi ni bora. Walituambia tukikosa iliyo bora jicho liko hatarini. Sasa ninyi mlitaka nifanye nini, nimtazame Jerida akimeza za chaki na mimi nimeze za pinki, kila mmoja akiomba zake ziwe ndizo nzuri? Hiyo ndiyo akili? Nimeifikiria miaka yote hii na naapa, ukinirudisha kwenye kitanda kile nikijua nililolijua siku ile tu, nitagawana tena. Sioni haya.

Jerida akaanza kukohoa mapema. Kifua kikawa kinapiga mluzi akipanda hata kijiwe cha mlangoni. Tukasema ni vumbi. Tukasema ni baridi ya Julai. Mama Rasoa akasema ni woga wa kisu, akamchemshia tangawizi. Na kila asubuhi na jioni, kwa uaminifu kabisa, kwa kuwa sista alisema tusisahau, Jerida aliendelea kukata.

Mimi nilitangulia kupasuliwa. Nilizinduka pamba imenijaa puani, mdomo umekauka, na Daktari wa Tivii amesimama miguuni pangu akitabasamu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Kavu!" akasema. "Kavu kabisa! Nimeona kila kona, Fanisi. Sijawahi kufanya pua iliyokauka namna hii." Akamgeukia sista. "Ni za pinki. Unaona?" Nikataka kumwambia si za pinki peke yake. Nikatoa mlio tu, pamba ilikuwa imefika mpaka kooni. Akacheka, akanipigapiga mguu, akasema nipumzike. Akaenda zake akipiga mluzi.

Kesho yake saa za kuwaona wagonjwa Jerida alikuja na chupa ya uji wa wimbi na vikombe viwili. Wodi ilikuwa ghorofani. Nilimwona akisimama mlangoni, mabega yamepanda hadi masikioni, akishika fremu ya mlango. Nikafikiri anatafuta kitanda changu. Akafika, akakaa, akaweka chupa juu ya kabati, akasema, "Ni hizi ngazi tu," maneno hayo akiyatoa moja moja. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nikashika mkono wake, nikaona kucha pia. Sikuweza kupiga kelele kwa ile pamba, kwa hivyo nikapiga kabati kwa chupa ya uji hadi wodi nzima ikageuka.

Sista akaja mbio, yule yule aliyetufupishia Kiingereza. Wakamlaza, wakamwekea hewa, wakamdunga sindano. "Amekula nini? Amemeza nini?" Nikanyoosha vidole viwili. Nikavuta sauti kutoka tumboni. "Nyeupe. Na pinki. Tunagawana." Akafunika mdomo kwa kiganja. "Za pinki? Na pumu hii? Ile dawa inafunga kifua cha mtu wa pumu, jamani!" Ndipo tulipojua. Hapo, kwenye kitanda changu, Jerida akivuta pumzi kama mtu anayevuta kamba yenye ng'ombe upande wa pili, ndipo kwa mara ya kwanza mtu alisema jambo hilo kwa Kiswahili.

Daktari alipofika, kifua cha Jerida kilikuwa kimeanza kulegea kidogo. Nilimngojea aulize, "Anaendeleaje?" Nilimngojea kwa macho yangu yote. Akauliza, "Tangu lini?" Sista akamweleza. Akaniangalia mimi, akamwangalia Jerida, na uso ukamwiva. "Tangu mwanzo? Nyinyi wawili? Mmeniharibia kazi. Mnajua hivyo? Sasa nitajuaje ni dawa gani iliyokausha? Pua yako," akanielekezea kidole, "haina maana tena kwangu." Kisha akamwambia sista kwa Kiingereza, "Watu hawa," na maneno mawili hayo hata Kiingereza changu kilitosha kuyaelewa. Akamalizia kwa Kiswahili, ili tusikose, "Wadanganyifu."

Wadanganyifu. Tulimdanganya lini? Tulikata tembe mlango ukiwa wazi, jirani akichungulia na kucheka. Mtu anayedanganya hufunga mlango. Angetuuliza siku yoyote tungemwambia, tena kwa kujisifu, kwamba sisi hatunyimani. Lakini yeye hakuuliza kitu kuhusu sisi zaidi ya pumu, na hiyo pumu aliihitaji kwa ajili ya kulinganisha kwake.

Jerida alipopata nafuu tukarudi kwa Daktari, tukangoja kwenye benchi la ukumbini siku nzima, tukila mandazi tuliyoyabeba, nusu kwa nusu. Alipotoka, Jerida akasimama. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. "Daktari, siku yangu ya kupasuliwa ni lini?"

"Wewe huna siku. Nafasi yako nimempa mtu anayefuata maagizo."

"Lakini vinyama bado vimo."

"Wagonjwa ni wengi, mama. Siwezi kufanya kazi na watu wanaonidanganya."

Mimi nilitaka kumrukia. Jerida akanishika kiwiko. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kukwaruza, lakini haikutetemeka. "Uliniuliza kama nina pumu. Nikakwambia ninayo. Ulijua zile za pinki ni mbaya kwangu?"

"Ndiyo sababu sikukupa."

"Uliniambia?"

Akashtuka kidogo, kama ambaye hakutarajia swali kutoka upande ule. "Kila mtu anajua dawa ni ya mwenyewe aliyeandikiwa."

"Uliniambia, Daktari?"

Akatazama saa yake, akasema ana mgonjwa mezani, akaondoka. Nasikia sasa ni mtu mkubwa, anafundisha wengine. Natumaini anawafundisha kumjibu mtu akiwauliza.

Pamba ilipotoka na vidonda kupona, pua yangu ilirudi. Sikuitegea, ilinijia tu asubuhi moja nikichota maji pale mferejini, mtu akikaanga vitunguu. Harufu ilinipiga usoni. Nikaacha ndoo ikifurika, nikakimbilia chumbani nikipiga kelele, "Kitunguu! Jerida, kitunguu!" Alikuwa ameketi kitandani akifunga kamba za viatu kwenda Kariokor. Nikasimama pale pale mlangoni. Aliniangalia, mdomo wazi, akipumua kwa mdomo, na akatabasamu. "Kinanukaje?"

"Ni tamu. Halafu inachoma hapa, karibu na macho."

"Na mimi?"

"Wewe unanuka ngozi na gundi."

Akacheka hadi akakohoa. Kisha akachezea kamba ya kiatu. "Hiki hatuwezi kukikata," akasema. Nililia mimi, yeye hakulia. Akainuka, akanipangusa uso kwa kanga ile ile aliyofutia kisu, akaniambia, "Basi utanusia wawili. Kazi hiyo umeipata, na sikuachishi."

Na nikaifanya. Mwaka huo ulipoisha niliacha kazi ya gundi, nikahamia Umoja. Yeye alikaa Kariokor mpaka akawa na kibanda chake mwenyewe, chenye madirisha wazi pande zote, na baadaye akahamia Komarock, ambako watoto walipokua alibaki peke yake. Lakini nilinusa. Maziwa alinipelekea kwa chupa. Nyama aliniletea ikiwa imefungwa kwa karatasi. Mgeni akimkuta kwangu na kumwuliza mbona anafungua sufuria na kunielekezea mimi, alisema, "Pua yangu inakaa Umoja." Alipojifungua kifungua mimba wake, kabla ya ndugu kumshika mtoto, alinipa mimi. "Nusa hapo utosini uniambie." Nikanusa. Nikamwambia, kwa maneno niliyokuwa nayo, na akasikiliza hadi mwisho, akaniambia nirudie. Mtu huyo, Daktari wa Tivii, angekuwa mle chumbani, ningemshika kichwa nimwinamishe kwenye utosi ule, halafu nimwulize ni kazi ya nani iliyoharibiwa.

Mtauliza mbona hakwenda kwingine. Alikwenda, lakini miaka ilikuwa imepita mingi. Kwa muda mrefu hakutaka kusikia habari za hospitali, alisema hawezi tena kuitwa mwongo akiwa amelala chali. Alipokwenda, daktari mwingine, mama mmoja mpole, alitoa vinyama vyote na Jerida akapumua vizuri, akarudi hata kuimba. Harufu haikurudi. Yule mama alimwambia amechelewa, vinyama vilikaa mno, angekuja mapema. Jerida alinieleza kwa simu, kisha akacheka. "Nimwambie nilikuja mapema? Angeniona mdanganyifu."

Kwa hivyo msiniambie ajali. Baada ya maombi watu walianza kuondoka Komarock, na wanawake tukabaki kuosha vyombo uani, kwa kuwa jikoni hakuingiliki. Jirani wa mlango wa pili alikuwa akinisaidia kukausha vikombe, mama wa makamo, mwenye moyo mzuri, alikuwa amelia kuliko sisi wengi. Akasema marehemu alikuwa mtu wa watu, hakuwa na ubaya na mtu. Akasema na hiyo gesi, jamani. "Harufu tuliisikia tangu jioni iliyotangulia. Ilijaa mpaka kwangu. Nikamwambia hata mzee wangu, leo kwa Jerida gesi inanuka."

Nikaweka kikombe chini. Mikono yangu ilikuwa na povu mpaka kwenye viwiko.

"Mlimwambia?"

Akanitazama kama nimemtukana.

"Kwani si jiko ni lake mwenyewe?" akasema.